Martin Kayamba: Karani wa Tanga aliyeuchunguza umaskini wa watu wake

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Katika historia ya utumishi wa umma nchini, Mkoa wa Tanga una jina ambalo vijana wengi wa leo hawalifahamu vizuri, ijapokuwa wanahistoria wanaendelea kuliandika. Jina hilo ni Martin Kayamba, karani aliyefanya kazi katika ofisi za Tanga, akafika London mwaka 1931 kuizungumzia Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na akaacha maandishi kuhusu matatizo ya Waafrika wa zama zake.

Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Unguja, katika makazi ambayo misheni ya UMCA iliyajenga kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Asili ya familia yake ilikuwa Bonde, nchi iliyopo kati ya mwambao wa Tanga na milima ya Usambara. Baba yake alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache wa karne ya 19 waliopata nafasi ya kusoma Uingereza. Kwa hiyo mtoto huyo alikulia katika nyumba yenye vitabu, lakini nje ya mlango wake waliishi watu waliokuwa wamenunuliwa na kuuzwa, wakiyaanza maisha upya pasipo mali wala ukoo wa kuwashika mkono. Mazingira hayo yangeweza kumfundisha kwamba umaskini haumwangukii mtu kwa uvivu wake peke yake, kwa kuwa alikuwa akiishi na watu walionyang'anywa kila kitu.

Alisoma Kiungani, chuo cha misheni kilichokuwa kikiandaa walimu na mapadri. Hata hivyo, hakutaka kubaki huko. Angali kijana alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaajiriwa katika ofisi za serikali ya Kenya, kisha akavuka hadi Uganda. Miaka hiyo ilimwonyesha tawala tatu zilizotofautiana namna ya kuwashughulikia wananchi: Unguja ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, Kenya ambako ardhi nzuri ilikuwa ikigawiwa walowezi, na Uganda ambako wakulima wenyewe walilima pamba na kuiuza.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Kayamba alikuwa katika himaya ya Wajerumani. Waafrika waliosomeshwa na misheni ya Kiingereza walishukiwa kuwa wapelelezi, naye akakamatwa na kufungwa. Alipata uhuru wake mwaka 1916, majeshi ya Kijerumani yalipoondoka Tabora na mji huo kutekwa na Wabelgiji. Mtu aliyeteswa kwa sababu ya elimu yake angeweza kuichukia elimu hiyo. Kayamba alirudi Tanga na kuifanya kuwa kazi ya maisha yake yote.

Tanga aliyoikuta ilikuwa na utajiri uliowapita wenyeji wake mbele ya macho yao. Mkonge ulikuwa umeletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka bandarini Tanga kuelekea bara, ambayo baadaye ilifika Moshi. Mashamba yalienea Muheza na Korogwe, na meli zilibeba katani kwenda Ulaya. Wafanyakazi walitoka mbali, baadhi yao wakiwa manamba walioacha wake na mashamba yao Songea, Kigoma au Ruanda-Urundi. Hesabu yao ilikuwa kwenye kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo kazi haikukamilika haikuhesabiwa. Kodi ya kibanda nayo ilidaiwa kwa fedha taslimu, hivyo hata mtu mwenye chakula cha kutosha shambani alilazimika kuitafuta shilingi.

Mambo haya yote yalipitia mikononi mwa karani. Yeye ndiye aliyetafsiri malalamiko, akaandika orodha za walipa kodi na kusoma barua ya mkubwa mbele ya mzee asiyejua kusoma. Katika miaka ya 1920 Kayamba alipanda hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga. Nafasi hiyo ilimweka pale ambapo amri za serikali na shida za wananchi zilikutana, na kwa mtu mwenye macho ya kuona ilitosha kuwa shule ya uchumi wa nchi.

Matendo yake yanaonyesha alichojifunza. Mwaka 1922, mwaka ambao Tanganyika ilithibitishwa rasmi kuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika. Yeye alikuwa rais wake wa kwanza. Chama hicho kiliwakutanisha Wakristo na Waislamu, makarani na walimu, watu wa makabila mbalimbali, wakasoma pamoja na kujadiliana mambo ya maendeleo yao. Wakati serikali ilikuwa ikiwapanga wananchi kwa kabila, hatua hiyo haikuwa ndogo. Wanahistoria wanakihesabu chama hicho miongoni mwa watangulizi wa Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho kwa kupitia TAA ndicho chimbuko la TANU ya mwaka 1954.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1931. Kulikuwa na pendekezo la kuziunganisha kwa karibu zaidi Kenya, Uganda na Tanganyika. Walowezi wengi waliutazama muungano huo kama njia ya kuongeza sauti yao katika utawala, huku Waafrika wakihofia kwamba sera za ardhi na kazi za Kenya zingehamia kwao. Bunge la Uingereza liliunda kamati na kuita mashahidi. Kutoka Tanganyika walikwenda Waafrika watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga.

Wenzake wawili walitoka katika tawala za jadi. Kayamba hakuwa na kiti cha enzi wala raia wa kumfuata. Alikuwa mwajiriwa wa serikali ileile aliyokuwa akiieleza mashaka ya watu wake. Neno moja la kupita kiasi lingeweza kumgharimu kazi, na kunyamaza kungeweza kuwagharimu wananchi ardhi yao. Mashahidi hao waliupinga muungano. Mwishoni mwa mwaka huo kamati iliona kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika. Sababu za uamuzi huo zilikuwa nyingi, lakini sauti ya Waafrika ilikuwa imesikika na kuandikwa.

Safari hiyo ilimpa pia nafasi ya kuitazama Uingereza kama mtafiti. Alirudi na kuandika kwa Kiswahili kitabu cha Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka 1932, ili msomaji aliyebaki Muheza au Pangani naye apate faida ya safari ile. Mwaka huohuo alihamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam, akashika cheo cha juu kuliko Mwafrika yeyote katika utumishi wa Tanganyika wakati huo.

Hata hivyo, cheo hicho kilikuwa na ukomo wake. Maamuzi makubwa kuhusu bei ya mazao, mishahara ya mashambani na ardhi yaliendelea kufanywa na wengine. Kayamba aliuamini mwendo wa hatua kwa hatua, ndani ya sheria na kwa ushirikiano na watawala, na wapo waliomwona kuwa karibu mno na serikali ya kikoloni. Lawama hiyo ina uzito, kwani utii wake haukumpa mamlaka ya kuyaondoa matatizo aliyoyafahamu vizuri. Alichoweza kufanya ni kuyaandika. Kitabu chake kuhusu matatizo ya Waafrika kilichapishwa London mwaka 1948 pamoja na kingine kuhusu safari yake ya Ulaya. Yeye mwenyewe hakuviona, kwa kuwa hakuishi muda mrefu baada ya kustaafu.

Mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya vitabu hivyo kutoka, mwalimu kijana kutoka Butiama alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwalimu Julius Nyerere na kizazi chake waliliuliza upya swali la umaskini, wakasisitiza kwamba halitajibiwa kikamilifu pasipo wananchi kujitawala. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Taifa liliwatangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kayamba alikuwa ameshakutana nao wote mezani pake Tanga.

Leo wapo vijana wa Tanga wanaosomea uchumi, mipango na maendeleo ya jamii, na wapo watumishi wa halmashauri wanaopokea kila siku maombi ya wananchi kuhusu maji, ardhi na mikopo. Maisha ya Kayamba yanawakumbusha kwamba faili lililo mezani ni habari ya mtu aliyetembea mbali kulileta. Anayelisoma kwa makini, akauliza kwa nini shida ileile inarudi kila mwaka na akalieleza jibu lake mbele ya wakubwa, anaiendeleza kazi aliyoianza karani huyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.