Linus Pauling na Mnyororo wa Protini

Safari hii nataka kuwasimulieni habari za Linus Pauling, maana kazi yake yatuhusu sana sisi watu wa Handeni na Korogwe.

Bwana huyu alizaliwa Portland, Marekani, mwaka 1901. Baba yake, muuza dawa, alifariki mwaka 1910, akamwacha mama na watoto watatu katika shida. Pauling aliondoka sekondari bila cheti, lakini alishika masomo hata akawa bingwa wa kemia.

Alitaka kujua umbo la protini. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, aina 20 tu, zinazorudiwa mara nyingi. Mwaka 1948 alilala na mafua mjini Oxford, Uingereza. Akachora mnyororo huo juu ya karatasi, akaikunja mpaka akaona jinsi unavyojizungusha, kama uzi wa katani uliozungushwa kwenye penseli. Msokoto huo aliutangaza na wenzake mwaka 1951. Leo twajua kwamba misokoto hiyo na mikunjo mingine michache hurudiwa katika protini nyingi, kama matofali ya namna moja yajengavyo nyumba mbalimbali.

Himoglobini, protini ichukuayo oksijeni katika damu, ina minyororo 4 yenye misokoto. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti. Mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba kilichobadilika ni kipande kimoja tu. Kwa sababu hiyo himoglobini hushikana, chembe za damu hupinda kama mundu, na mgonjwa hupata maumivu makali.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwamba mtu aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana limeenea katika nchi za malaria kama yetu.

Kijijini kwetu nimesikia watu wakisema mtoto wa namna hiyo amerogwa. Sivyo, wazazi wetu. Amerithi kwa baba na mama pia, asilaumiwe mmoja. Mpelekeni hospitali mapema. Nasi wanafunzi tusimcheke mwenzetu asiyeweza kukimbia.

Pauling alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1954 na ya Amani ya mwaka 1962. Mwaka huo wa 1962 shule yake ilimpa kile cheti. Alifariki mwaka 1994.