Louis Braille, mtoto wa fundi ngozi

Simon-René Braille alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, Ufaransa. Mwanawe wa mwisho, Louis, alizaliwa tarehe 4 Januari 1809.

Akiwa na miaka mitatu, Louis alichukua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akaanza kumwigiza baba yake. Ukamteleza, ukamchoma jicho. Jeraha likaoza, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na kufikia miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Wazazi hawakumficha ndani, jambo ambalo wapo wanaolifanya hata leo. Walimpeleka shule ya kijiji pamoja na wenzake wanaoona.

Mwaka 1819 akaingia chuo cha watoto wasioona mjini Paris. Vitabu vya hapo vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi: vikubwa, vizito na vichache. Mwanafunzi alipapasa herufi moja moja, na kuziandika mwenyewe hakuweza.

Kisha Charles Barbier, afisa wa zamani wa jeshi, akaleta mfumo wa vitone hadi 12 kwa kila sauti. Ulikuwa mrefu mno kwa ncha ya kidole. Louis akaupunguza hadi vitone sita, safu mbili za vitatu vitatu, vinavyotoa alama 63. Hapo alikuwa na miaka 15. Aliviandika kwa kutoboa karatasi kwa chuma chenye ncha, ndugu wa msharasi uleule.

Alichapisha mfumo wake mwaka 1829, akawa mwalimu chuoni na mpiga kinanda kanisani. Walimu wanaoona hawakufurahi. Maandishi hayo wao hawakuyajua. Mwaka 1840 mkuu wa chuo, Pierre-Armand Dufau, akayapiga marufuku. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri, hadi yaliporudishwa mwaka 1844.

Kifua kikuu kilimwua tarehe 6 Januari 1852, akiwa na miaka 43. Chuo kiliyapitisha rasmi maandishi yake, haya tunayoyaita nukta nundu, mwaka 1854.

Mwaka 1952 Ufaransa iliuhamishia mwili wake Panthéon, wanakozikwa mashujaa wake. Kijiji kikaomba kibakiziwe mikono. Ipo Coupvray hadi leo.