Mtu Aliyelipeleka Neno Uhuru Angani

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Nakuru, akishaipita Gilgil, hukaribishwa Kikopey na moshi wa nyama choma kabla hajauona mji wenyewe. Hatua chache mbele yake kuna Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920, mashoka yaliyochongwa na viumbe waliotutangulia kwa mamia ya maelfu ya miaka. Jioni, katika hoteli za Kikopey, runinga huwaka ukutani, na vijana waliokaa wakingoja mbuzi aive hutazama merikebu za angani zikivuka kutoka nyota hadi nyota. Sioni ajabu katika jambo hilo. Binadamu aliyechonga jiwe ndiye huyo huyo anayeota kuhusu nyota.

Miongoni mwa hadithi za kubuni za kisayansi zinazotazamwa hivyo, iliyodumu mno ni Star Trek. Mtazamaji mpya anayeikabili leo hujiona kama mtu aliyesimama chini ya mlima Longonot akiwa na kibuyu kimoja cha maji. Kufikia mwaka 2005 pekee vipindi vyake vilikuwa vimepita 700, na tangu hapo vingine vingi vimeongezwa. Wanafunzi wanaponiuliza waanzie wapi, huwajibu kwamba waanze na maisha ya mtu aliyeitunga, marehemu Gene Roddenberry. Asiyemjua anaweza kuvitazama vipindi vyote hivyo asitambue kwamba ndani yake mna kitu kilichotoka kwetu.

Eugene Wesley Roddenberry alizaliwa tarehe 19 Agosti 1921 mjini El Paso, jimbo la Texas, nchini Marekani. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Los Angeles, ambako baba yake alipata kazi ya upolisi. Kijana naye alianza kusomea kazi hiyo hiyo chuoni, lakini moyo wake ukavutwa na ndege. Alijifunza urubani, na vita vikuu vya pili vilipoifikia Marekani mwishoni mwa mwaka 1941 alijiunga na jeshi la anga. Alipelekwa katika bahari ya Pasifiki kurusha ndege za kuangusha mabomu, na aliruka safari 89 za vita. Mwezi Agosti 1943 ndege aliyokuwa akiiendesha ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa uwanja na kugonga miti, na wanajeshi wawili waliokuwamo wakafa. Alitunukiwa nishani kwa huduma yake.

Vita vilipokwisha aliajiriwa na shirika la ndege la Pan American. Usiku mmoja wa Juni 1947, ndege ya shirika hilo iliyokuwa ikitoka Karachi kwenda Istanbul ilishika moto ikaanguka katika jangwa la Syria. Ilikuwa na watu 36, na 15 kati yao walikufa. Roddenberry alikuwamo. Ingawa mbavu zake zilikuwa zimevunjika, aliingia na kutoka katika mabaki yaliyowaka, akiwavuta abiria nje. Mwaka uliofuata aliacha urubani. Yamkini mtu aliyeyaona mauti mara mbili kwa namna hiyo huanza kujiuliza binadamu ameumbwa kwa ajili gani, na kama kesho yake itakuwa bora kuliko leo yake. Hilo ni wazo langu. Lakini kazi zake za baadaye hazikuacha kulizungukia swali hilo.

Alirudi Los Angeles akawa askari polisi kuanzia mwaka 1949. Huko aliandikiwa kazi ambayo wengi hawaitarajii kwa askari: kumtungia hotuba mkuu wa polisi wa jiji. Usiku alikuwa akitunga michezo ya televisheni. Mwaka 1956 alijiuzulu upolisi ili aishi kwa kalamu yake. Katika miaka ya 1963 na 1964 alikuwa na mfululizo wake mwenyewe kuhusu maisha ya wanajeshi, uitwao The Lieutenant. Kipindi kimoja cha mfululizo huo kilieleza ubaguzi wa rangi ndani ya jeshi, nacho kituo cha NBC kilikataa kukionyesha. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa mwanamke mweusi aliyeitwa Nichelle Nichols.

Hapo Roddenberry alipata funzo ambalo wasimulizi wa ngano zetu wamelijua tangu kale. Usiloweza kumwambia mfalme usoni, mwambie kwa kisa cha sungura na fisi. Kama watu hawatakubali kuoneshwa ubaguzi wa leo mjini mwao, waoneshwe ubaguzi wa viumbe wa sayari ya mbali, wacheke na kushangaa, kisha wajitambue wakiwa wamekwisha kwenda kulala. Ndivyo ilivyozaliwa Star Trek. Jaribio la kwanza lilikataliwa na wenye kituo, la pili likakubaliwa, na tarehe 8 Septemba 1966 kipindi cha kwanza kikaonyeshwa.

Katika merikebu hiyo ya karne ya 23 walikaa pamoja Mmarekani, Mskoti, Mjapani na kiumbe wa sayari nyingine, na baadaye Mrusi, ingawa huo ulikuwa wakati wa vita baridi. Pamoja nao alikuwapo Mwafrika, afisa wa mawasiliano mwenye cheo cha luteni. Hakuwa mtumishi wa jikoni wala yaya, kazi ambazo waigizaji weusi wa Marekani walikuwa wamezoeshwa. Aliyeigiza nafasi hiyo ni yule yule Nichelle Nichols, na jina lake mchezoni ni Uhura.

Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia mara nyingi asili ya jina hilo. Siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962. Neno hilo likawapendeza waliokuwapo, wakalilainisha kidogo, wakapata jina la kike. Ruark alikuwa Mmarekani aliyekuja kwetu kuwinda, akaiandika Kenya ya miaka ya vita vya Mau Mau na ya mkesha wa kujitawala kwa jicho la mgeni aliyeketi upande wa walowezi. Hakuwa na imani kubwa na uhuru wetu. Basi hebu tutafakari njia ya neno hilo. Lilitoka vinywani mwa watu wetu waliolipigia kelele viwanjani, likaingia katika kitabu kilicholitilia shaka, kisha likatoka humo likiwa jina la Mwafrika ambaye, katika karne ya 23, hakuna anayeuliza kama anastahili kuwa huru.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hili bila kusimama. Katika neno uhuru, kiambishi u- kinaunda nomino dhahania kutokana na huru, neno tulilolipata katika Kiarabu na kulifanya letu kabisa. Irabu ya mwisho katika Kiswahili haina jinsia. Kilatini na lugha zilizotokana nacho ndizo zinazoyapa majina ya kike kikomo cha -a. Kwa hiyo Uhura ni neno letu lililokatwa mkia na kupachikwa mwingine ili lipendeze masikio ya wageni. Kwa Mswahili halina maana. Lakini kila anayeuliza maana yake hurudishwa kwenye uhuru, na kila anayerudishwa huko hufika kwetu.

Wala jina si yote. Usiku ule wa 8 Septemba 1966, kiumbe wa ajabu anamwendea Uhura akiwa amejigeuza mwanamume mweusi, naye anamsemesha kwa Kiswahili. Kwa hakika, lugha yetu imo katika hadithi hii tangu usiku wake wa kwanza. Katika kipindi cha Septemba 1967, mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zote, na inambidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Kitabu anachopewa ni cha Kiingereza. Anapokwama na kukasirika, kinachomtoka ni Kiswahili, na muuguzi anayemfundisha anamrudisha kwenye Kiingereza.

Walimu wenzangu, nawaomba mkitazame kisa hicho kwa makini. Wengi wetu tulisoma katika shule ambako aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani, pengine hata Kiswahili, alivishwa kipande cha ubao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Mtunzi wa hadithi ile aliona kweli moja, kwamba akili iliyonyang'anywa kila kitu hukimbilia lugha yake. Lakini hakuona kweli ya pili, kwamba lugha hiyo inaweza pia kufundishia. Katika ndoto kubwa kuliko zote za usawa zilizowahi kuonyeshwa kwenye runinga, Kiswahili kilipewa nafasi ya kushangaa na kukasirika. Nafasi ya kueleza mashine inavyofanya kazi ikabaki kwa Kiingereza.

Simlaumu Roddenberry kwa hilo. Alikuwa mtoto wa nchi yake na wakati wake, na alikuwa na kasoro zake. Aliutungia wimbo wa Star Trek maneno ambayo hayakuimbwa katika kipindi hata kimoja, na kwa hila hiyo akagawana malipo na Alexander Courage, aliyetunga muziki wenyewe. Sifa nyingi alizopewa zilistahili kuwafikia pia waandishi waliofanya kazi chini yake. Tunapowafundisha wanafunzi maisha ya watu mashuhuri, tusiwafanye malaika.

Mfululizo ulisimamishwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, na ilionekana kana kwamba kazi yake imekwisha. Lakini vituo vidogo vilivirudia vipindi hivyo mwaka baada ya mwaka, na watazamaji wakaongezeka badala ya kupungua. Mwaka 1976 barua zao zilisababisha chombo cha kwanza cha majaribio cha mradi wa vyombo vya angani virudivyo duniani kupewa jina la merikebu ya hadithini, Enterprise. Filamu ikafuata mwaka 1979, na mfululizo wa pili ukaanza mwaka 1987. Roddenberry alifariki tarehe 24 Oktoba 1991. Mwaka uliofuata sehemu ya majivu yake ilibebwa angani na chombo Columbia. Mwaka huo huo Mae Jemison akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Naye amesema wazi kwamba Uhura alikuwa miongoni mwa waliomtia ari utotoni.

Neno letu nalo lilisafiri kwa njia yake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru, kamili, bila kukatwa mkia. Na tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani. Hapana shaka tena kwamba maneno ya Kiswahili yanaweza kufika angani. Lililobaki ni sisi kuyasimulia ya huko kwa Kiswahili.

Wala tusiseme kwamba hakuna aliyethubutu. Mwaka 1995 marehemu Katama Mkangi, msomi wa elimujamii aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa riwaya yake Walenisi. Humo Dzombo anahukumiwa kufa na kutiwa katika chombo kinachorushwa angani, lakini badala ya kuangamia anaifikia nchi ya watu walio sawa. Tazama jina lenyewe: wale ni sisi. Ni jina lililoundwa kwa sarufi yetu, lisilohitaji kulainishwa kwa ajili ya sikio la mtu yeyote. Mkangi alitumia mbinu ile ile ya Roddenberry, ya kuwapeleka watu mbali ili wajione walivyo, ila yeye aliitumia katika lugha ambayo mwanafunzi wa Kikopey hahitaji kufasiriwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mtazamaji mpya ni hili. Anza na kipindi cha 8 Septemba 1966, utege sikio usikie Kiswahili kinapotajwa. Kisha tafuta kile cha Septemba 1967, ukitazame mara mbili. Kabla hujaendelea na hivyo vingine mamia, soma Walenisi. Nawe mwalimu, darasa lako likishamaliza hayo, lipe insha ya kueleza Kikopey ya miaka 300 ijayo, na uwatake wanafunzi wakitaje kila chombo, kila mashine na kila sayari kwa Kiswahili. Wakikwama, usiwarudishe kwenye Kiingereza. Wape muda walitafute neno, na wasipolipata waliunde.