Mwalimu, Korosho na Maji ya Rufiji

Mwaka jana nilikuwa Kibiti kwa ajili ya BTP. Nilipangiwa Historia na Kiswahili, kidato cha pili, na kama mnavyojua wenzangu, wiki ya kwanza mtu unaingia darasani na nondo zako ukidhani utawamaliza wanafunzi. Kumbe wao ndio wanakumaliza. Siku moja tulikuwa kwenye Azimio la Arusha, binti mmoja anayetokea huko deltani akanyoosha mkono. Akauliza kwa nini bwawa la umeme lililo juu ya mto wao linaitwa Julius Nyerere, wakati mwenyewe alifariki miaka ishirini kabla ujenzi haujaanza. Nikajibu kijumlajumla tu, kwamba ni kumuenzi Baba wa Taifa. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Makala hii ndiyo jibu nililotakiwa kumpa.

Tuanze mwanzo. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mugaya. Alianza shule akiwa na miaka kumi na miwili, Mwisenge, Musoma. Akaenda Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu kuanzia 1943. Alifundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada, akafundisha Pugu. Yaani huyu ni mwenzetu kabisa, mtu wa chaki. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu ili afanye siasa. Fikiria, umepata ajira ya kudumu halafu unaiacha! Wengi wetu leo tungeitwa wendawazimu nyumbani.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na hapo ndipo shida halisi ilipoanza. Nchi aliyoipokea ilikuwa inaishi kwa kuuza mazao ghafi, na zao kubwa kupita yote lilikuwa mkonge. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 230,000. Lakini viwandani Ulaya na Marekani walishaanza kutengeneza kamba za plastiki, za bei nafuu. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mkulima wa Tanga hakuwa amekosea kitu shambani, ila maabara fulani mbali huko ilikuwa imegundua kitu kipya, basi. Mwalimu aliuona mkasa huo vizuri. Kwa miaka mingi alizunguka na hesabu ileile: ili kununua trekta moja, mwaka huu unahitaji mkonge mwingi kuliko mwaka jana, na mwakani utahitaji mwingi zaidi. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, na hakuna aliyeweza kuibishia.

Jibu lake lilikuwa Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Viwanda vikajengwa, kikiwemo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, baada ya nchi za Magharibi kukataa kutoa pesa. China wakati ule nayo ilikuwa maskini. Watu wanaoshangaa leo kwamba Wachina wamejaa Kariakoo wakumbuke kwamba urafiki huo ulianza sisi na wao tukiwa hatuna kitu.

Sasa turudi Rufiji, maana huku ndiko hadithi inakuwa chungu kidogo. Mrufiji wa bondeni ana ujuzi wake wa siku nyingi. Mto ukifurika analima mpunga, maji yakipungua anapanda mlau kwenye udongo uliobaki na unyevu, na msimu wa kulinda mazao analala kwenye dungu. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa mno. Serikali ikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa mahali pa juu, wapate shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa njema na shule zilijengwa kweli. Ila mashamba yalibaki bondeni, na mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na kuanza kulima sasa alitembea mwendo mrefu kwanza. Rufiji ilipita njia hiyo mapema, kabla ya operesheni za nchi nzima za 1973 hadi 1976, ambazo hazikuwa tena za hiari.

Na korosho? Ukanda wote huu wa Pwani kushuka hadi Lindi na Mtwara ni nchi ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga uliingia, na watu walihamishwa mbali na mikorosho yao. Balaa ni kwamba miaka hiyohiyo serikali ilikuwa imekopa na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua. Viwanda vikakamilika wakati korosho zimeisha. Siwezi kuandika maisha ya Mwalimu kwa watu wa Kibiti nikaliruka hilo.

Bwawa nalo linaanzia miaka hiyo. Wataalamu walishaona tangu zamani kwamba pale kwenye korongo la Stiegler mto Rufiji unabanwa na unaweza kuzalisha umeme mwingi. Mwaka 1975 serikali ya Mwalimu iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, na wataalamu wa Norway wakafanya upembuzi. Umeme uliotarajiwa ulizidi mno mahitaji ya nchi ya wakati ule, na wenye pesa hawakutaka kutoa. Kisha mambo yakaandamana: mafuta yakapanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza 1978. Shirika la Fedha la Kimataifa likataka shilingi ishushwe thamani, Mwalimu akagoma. Madukani watu wakapanga foleni za sukari na sabuni. Waulizeni wazazi wenu. Michoro ya bwawa ikabaki kabatini. Novemba 1985 aling'atuka kwa hiari yake, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na Shirika hilo.

Wengi huwa tunaishia hapo. Mimi nadhani kipande kinachotuhusu sisi zaidi ni kinachofuata. Mwaka 1987, akiwa mstaafu wa urais, alipewa uenyekiti wa Tume ya Kusini, iliyokusanya watu kutoka nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Katibu Mkuu wake alikuwa mchumi wa India, Manmohan Singh. Ripoti yao ilitoka 1990. Kwa kifupi ilizitaka nchi za Kusini ziuziane bidhaa zenyewe kwa zenyewe, zishirikiane kwenye sayansi na teknolojia, na ziingie kwenye meza za biashara za dunia zikiwa na msimamo mmoja. Baadaye ikazaliwa taasisi ya kudumu, South Centre, makao yake Geneva, na Mwalimu akawa mwenyekiti wake hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama.

Singh naye alirudi kwao, mwaka 1991 akawa waziri wa fedha, akafungua uchumi wa India, na baadaye akawa waziri mkuu. Hebu tazama ilivyokuwa. Watu wawili wamekaa tume moja na kuandika ripoti moja. Nchi ya mmoja leo inauzia dunia programu za kompyuta na dawa, na inanunua korosho ghafi kutoka nchi ya mwenzake, inakwenda kuzibangua kwao. Biashara ya Kusini kwa Kusini imekuja kweli kama walivyotaka, ila ndani yake sisi bado tuko kwenye kiti kilekile cha muuza mkonge. Tofauti ni kwamba anayenunua hatoki Ulaya.

Na bwawa nalo lilijengwa Kusini kwa Kusini. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, na pesa ilikuwa yetu. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliwaka Februari 2024. Kwa hiyo binti, hilo ndilo jibu. Lina jina lake kwa sababu lilikuwa swali lake lililokaa miaka zaidi ya arobaini bila majibu.

Lakini swali lako lina mkia. Siku niliyokwenda Nyamisati, pale boti za Mafia zinapoondokea, nilikaa na wazee wakaniambia wanachoulizana wao: maji ya juu yakishashikwa, mlau utakuwaje, mpunga utakuwaje, kamba na kaa wa kwenye mikoko watakuwaje? Sikuwa na la kusema. Na pale Kibiti barabarani niliona vijana wa umri wangu, wengine wana diploma, wanawakimbilia abiria wa mabasi ya Mtwara na korosho za kukaanga kwenye vifuko. Korosho hizo zimebanguliwa kwa mkono, nyumbani, na akina mama. Kiwanda walichokijua ni hicho.

Mimi namaliza mwakani. Waliotutangulia kwenye kozi yetu wengi wako mtaani, wanasubiri tangazo la ajira kama watu wanaosubiri mvua. Tunamlaumu kila mtu, na wengine wanastahili. Lakini Mwalimu alikosea sana pale alipowaamulia wakulima bila kuwasikiliza, na alipatia sana pale alipokataa kwamba kazi yetu duniani ni kuuza ghafi. Tukichukua lile la pili tukaacha la kwanza, kazi ipo. Walio uhandisi, mashine ya kubangua inayomfaa mama wa Kibiti bado inasubiriwa. Walio kilimo, wazee wa Nyamisati wanataka mtu wa kupima maji na kurudi na majibu. Sisi wa ualimu tuna darasa la kidato cha pili lenye maswali magumu.

Nimeshamtumia mwalimu wake wa darasa nakala ya makala hii. Ameniambia atamsomea, na kwamba nijiandae, ana swali lingine.