Leakey: Mchimbua mifupa aliyewatuma wengine kuwasikiliza tumbili na sokwe

KUTOKA mtaa wa Milimani, mjini Kisumu, hadi ufuo wa Ziwa Victoria si mwendo mrefu. Tumbili wa hifadhi ya Impala iliyoko ufuoni humo huwapigia kelele wapita njia, na aghalabu hakuna anayewajali. Lakini ni katika mji huu ambapo, katikati ya mwaka 1960, mashua ya Dkt Louis Leakey iling'oa nanga ikiwa imembeba binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, kwenda kuwachunguza tumbili kama hao.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, mwana wa wamisionari. Alikua akisema Kikuyu kama wenzake wa rika, akapitia jando pamoja nao na kupewa jina la Wakuruigi, yaani mwana wa mwewe. Ndege ndio waliokuwa mapenzi yake ya kwanza. Hata alipojiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922, fikira zake zilikuwa kwa viumbe wa nyumbani.

Ufuo wa ziwa ulimpa sifa, lakini kwanza ulimpa fedheha. Mwaka 1932 alitangaza kwamba Kanam na Kanjera, upande wa Homa Bay, palikuwa na mabaki ya binadamu wa kale mno. Profesa Percy Boswell alipofika mwaka 1935 kuyakagua maeneo hayo, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa. Alidai kwamba vigingi vya chuma alivyoacha viling'olewa na wenyeji ili wakatengeneze zana za uvuvi. Kwamba hata picha mojawapo aliyoitegemea ilikuwa ya mahali pengine ni kosa ambalo mvuvi hawezi kulaumiwa kwalo. Boswell alimwaibisha mbele ya wanasayansi wa ulimwengu.

Ufuo huohuo ukamfuta machozi. Mnamo Oktoba 2, 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mkewe Mary aliokota fuvu la Proconsul, jamii ya nyani wakubwa walioishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Msaada wa fedha uliofuata uliwawezesha kupata mashua, nao wakaiita Miocene Lady.

Hata hivyo, mfupa hausemi. Hauonyeshi mama alivyombembeleza mwanawe, wala jinsi kundi lilivyoonyana hatari. Leakey aliamini kwamba tabia wanazoshiriki binadamu na sokwe yamkini zilikuwapo kwa babu yao mmoja, na kwamba njia ya kuzijua ni kukaa porini kwa subira. Alimchagua Goodall, aliyekuwa karani wake katika jumba la makumbusho jijini Nairobi tangu 1957 na ambaye hakuwa na shahada. Wataalamu wengi waliona ni kichekesho. Baada ya aibu ya Kanjera, Leakey alikuwa akiliweka jina lake rehani kwa mara nyingine.

Safari ya Gombe, Tanganyika, ilikwama kwa sababu ya mgogoro wa wavuvi. Leakey hakutaka siku zipotee bure. Alimpeleka Goodall pamoja na mama yake, Vanne, katika kisiwa cha Lolui upande wa Uganda, ambacho watu walikuwa wamehamishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya malale. Nahodha Hassan aliwasafirisha. Kwa takriban majuma matatu Goodall alijifunza kukaa kimya, kumtambua tumbili mmoja mmoja na kuandika kila alichokiona. Mnamo Julai 14 mwaka huohuo aliwasili Gombe.

Yaliyofuata yanajulikana. Kabla ya mwaka kwisha alimwona sokwe akitengeneza kifaa cha kuvulia mchwa. Alieleza pia jinsi sokwe anavyojitambulisha kwa wenziwe walio mbali kwa mlio wake mwenyewe. Kuhusu tumbili, Thomas Struhsaker alieleza mwaka 1967, kutokana na uchunguzi wake Amboseli, kwamba wana milio tofauti kwa maadui tofauti. Mwaka 1980 Seyfarth, Cheney na Marler walithibitisha kwa kurekodi milio hiyo na kuwachezea upya: wa chui uliwapandisha mitini, wa tai uliwafanya watazame juu, na wa nyoka uliwainamisha kukagua nyasi.

Leakey hakuwa malaika. Alimwacha mke wa kwanza, Frida, kwa ajili ya Mary. Katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria alikuwa mkalimani wa mahakama, hadi mawakili wa utetezi walipopinga kazi yake naye akajiondoa. Wako Wakenya ambao hawakumsamehe. Ila kwa watafiti chipukizi mlango wake ulikuwa wazi. Alimsaidia Dian Fossey kuanza kuwachunguza sokwe wakubwa wa milimani mwaka 1967, na Biruté Galdikas akaenda Borneo kwa orangutani mwaka 1971.

Alifariki London mnamo Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru. Goodall, aliyepata shahada ya uzamifu Cambridge mwaka 1966 bila ya kuwa na shahada ya kwanza, aliaga dunia tarehe iyo hiyo, Oktoba 1, mwaka 2025.