Habari za Richard Nixon, Rais wa Marekani

Richard Nixon alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Yorba Linda, jimbo la California, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa watu wa Kanisa la Marafiki, nao walikuwa na duka la vyakula. Kijana alifanya kazi dukani, tena akasoma kwa bidii hata akawa mwanasheria. Mwaka 1953 akawa Makamu wa Rais. Mwaka 1960 alishindwa na John Kennedy kwa kura chache sana, lakini hakukata tamaa. Katika uchaguzi wa 1968 akashinda, akawa Rais.

Usiku wa 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa ndani ya ofisi ya chama cha wapinzani wake, katika jumba la Watergate mjini Washington, wakiwa na vyombo vya kusikilizia maneno ya watu kwa siri. Mmoja wao alikuwa mtumishi wa kamati iliyomtafutia Nixon kura. Haikuthibitika kwamba Nixon ndiye aliyewatuma, naye angaliweza kuwafichua waliowatuma. Lakini baada ya siku sita akakubali shauri la kuwazuia wapelelezi wa serikali wasiendelee na kazi yao. Tena waliokamatwa wakapewa fedha ili wanyamaze. Novemba ile ile akashinda katika majimbo 49 kati ya 50. Basi wizi ule haukuwa na haja yo yote.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nixon mwenyewe alikuwa ameweka vinasa sauti kwa siri katika chumba chake cha kazi. Jambo hili lilipojulikana mwaka 1973, akakataa kuzitoa sauti zile. Tarehe 24 Julai 1974 majaji wanane wa Mahakama Kuu wakaamua kwa neno moja kwamba azitoe. Na watatu wao aliwachagua yeye. Shauri lake likasikika, hata rafiki zake wakamwacha. Tarehe 9 Agosti 1974 akajiuzulu, naye ndiye Rais wa pekee wa Marekani aliyefanya hivyo.

Gerald Ford, aliyemfuata, alimsamehe asishitakiwe. Bali wasaidizi wake kadha walifungwa gerezani. Akafa mwaka 1994, akazikwa Yorba Linda.

Basi, msomaji, angalia: kosa la watumishi lingaliweza kusemwa kwa siku moja. Kulifunika kulimchukua miaka miwili, kukampotezea cheo chake.