Mobutu Sese Seko: mtoto wa mpishi aliyebebwa na mataifa makubwa, akaacha deni kwa raia

Mobutu Sese Seko aliongoza Kongo kwa muda wa miaka 32, kuanzia 1965 hadi 1997. Katika miaka hiyo hakusimama kwa nguvu zake peke yake. Marekani, Ufaransa na Ubelgiji zilimsaidia kwa pesa, silaha na ndege, na kila mara utawala wake ulipotikisika, zilimshika mkono. Raia ndio waliolipa bei.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, kandokando ya mto Kongo. Baba yake alikuwa mpishi wa jaji Mbelgiji na alifariki mtoto angali mdogo. Wamisionari walimfukuza shuleni, akapelekwa katika Force Publique, jeshi la wakoloni. Huko alijisomea sana na kupata cheo cha sajini. Mwaka 1956 alitoka jeshini, akawa mwandishi wa habari Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa.

Kazi hiyo ilimkutanisha na Patrice Lumumba, naye akaingia katika chama chake cha MNC. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru, Lumumba akiwa waziri wa kwanza. Siku chache baadaye askari waliwaasi wakubwa wao Wabelgiji. Serikali changa ilihitaji Mkongomani anayelijua jeshi, na Mobutu akapewa cheo cha kanali na kazi ya mkuu wa majeshi.

Ulikuwa wakati wa vita baridi. Lumumba alipoomba msaada wa Wasovieti, Marekani iliogopa kupoteza nchi yenye shaba, kobalti na uraniamu. Ofisi ya CIA mjini Léopoldville, iliyoongozwa na Larry Devlin, ilianza kumsaidia Mobutu kwa pesa. Tarehe 14 Septemba 1960 Mobutu alitangaza kwamba raisi Kasa-Vubu na Lumumba wote wawili wamewekwa kando. Kasa-Vubu alibaki kwenye kiti chake. Lumumba alikamatwa, akapelekwa Katanga na kuuawa huko tarehe 17 Januari 1961.

Mwaka 1963 raisi John Kennedy alimpokea Mobutu Washington. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua mamlaka yote. Miezi saba haikuisha, mawaziri wanne wa zamani, Évariste Kimba akiwa kati yao, walinyongwa mbele ya umati Kinshasa. Mwaka 1967 aliunda chama cha MPR, na kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire.

Mwanzoni pesa zilikuwepo. Serikali ilichukua kampuni ya madini Union Minière, iliyokuja kuitwa Gécamines, na bei ya shaba ilikuwa nzuri. Lakini mwaka 1973 Mobutu aliamuru maduka, viwanda na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Mali nyingi ziliangukia mikononi mwa jamaa na marafiki wa utawala. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa stoo, wakala pesa, kisha wakafunga milango. Mashamba ya Kivu nayo hayakupona. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka, na nchi ikaanza kuishi kwa kukopa.

Mwaka 1977 na 1978 waasi kutoka Angola waliingia Shaba, jina la Katanga wakati ule. Jeshi la Zaire lilishindwa. Mara ya kwanza Ufaransa ilitoa ndege kuwaleta askari wa Moroko. Mara ya pili askari wa Kifaransa wenyewe walirushwa juu ya Kolwezi. Mobutu alipata somo moja hapo: analindwa kutoka nje. Hakuwa na haraka ya kujenga jeshi la nchi linalolipwa vizuri, kwani jeshi kama hilo lingeweza kumpindua. Akatunza kikosi chake cha ulinzi, na askari wengine wakaachwa wajitafutie kwa raia.

Mwaka huohuo wa 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal katika banki kuu ya Zaire. Alikuta watu wa raisi wakichota pesa kama kisimani. Aliondoka, na mwaka 1982 ripoti yake iliwaonya wakopeshaji kwamba hawataona pesa zao tena. Mikopo iliendelea hata hivyo. Marekani ilihitaji uwanja wa Kamina kwa kupitishia silaha za waasi wa UNITA wa Angola. Gbadolite, kijijini kwao, Mobutu alijenga majumba ya kifahari na uwanja uliopokea ndege ya Concorde, huku mwalimu wa kawaida akikosa mshahara.

Vita baridi ilipoisha, thamani yake iliisha pia. Mwaka 1990 alikubali vyama vingi. Mwezi uliofuata wanafunzi waliuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na Ubelgiji ikakata msaada. Septemba 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa na miji mingine. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma na Bukavu, Ufaransa ilimwona tena kuwa wa lazima, lakini serikali yake ilikuwa tayari ganda tupu.

Waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila, wakiungwa mkono na Rwanda na Uganda, walianza vita mwaka 1996. Uvira, Bukavu na Goma zilianguka kwa siku chache, askari wa serikali wakipora huku wakikimbia. Safari hii hakuna ndege iliyokuja kumwokoa. Mobutu, akiugua saratani ya tezi dume, aliondoka Kinshasa tarehe 16 Mei 1997. Alifariki Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba mwaka huo, na kaburi lake liko kule.

Mwaka 2009 Uswisi ilifungua akaunti zake zilizokuwa zimezuiwa. Zilikuwa na franka za Uswisi milioni 7.7 hivi, zikarudishwa kwa familia yake. Deni la utawala wake lilibaki kwa raia. Mwaka 2010, miaka 13 baada ya kifo chake, ndipo wakopeshaji walipofuta sehemu kubwa ya deni la Kongo: dola zaidi ya bilioni 12.